Kwa kamati ya wenye nyumba: pandeni darini kabla Kaskazi haijaingia

Bwana Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, Katibu, na nyinyi wengine wote mlio kwenye kamati ya plot yetu, assalaam alaykum na habari za kusi.

Naandika saa hii makusudi. Upepo unavuma, usiku watu wanajifunika shuka, AC zimezimwa na hakuna anaezikumbuka, ndo maana nimeona huu ndo wakati wa kusema, manake ikifika Januari kila mtu atakuwa na hasira na wenye hasira hawasikizani. Januari iliopita mlituona wenyewe pale kando ya bwawa, saa sita usiku watu wazima wamevaa vikoi wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengine wametoa magodoro barazani, watoto wanalia, mbu wanafanya karamu, na nyumba 11 kati ya 36 AC zao zilikuwa zinatoa hewa ya moto kama mtu anakupumulia usoni. Mkasema fundi yuko njiani. Fundi akaja akatia gesi akaondoka, na kabla ya Februari kuisha zile zile 11 zikarudi pale pale na nyengine mbili zikaongezeka.

Sasa juzi nimeona notisi pale kwa keyateka kwamba mwaka huu tena tunachangishwa shilingi 6,000 kila nyumba ya "sevisi ya jumla na kuongeza gesi", na kwamba boila ya maji moto itafanyiwa matengenezo, spea imeshaagizwa Mombasa. Mimi nasema hapana. Sio kwamba sina 6,000. Nimeshazitoa mara 6.

Kwa wasionijua, naishi blok B ghorofa ya juu kabisa, chini ya zege. Si fundi. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi miaka mingi, kwa hivo umeme siujui sana lakini hesabu naijua na koteshini ya uongo naitambua kwa harufu. Nyumba 36 mara 6,000 ni 216,000 kwa mwaka. Mara miaka 6 ni 1,296,000. Hio ni pesa iliokwenda kwenye gesi na "sevisi", na leo ukiniuliza tumebaki na nini cha kushika mkononi, ntakwambia risiti.

Wacha niseme kuhusu hii gesi manake hapa ndo tunapochezewa. Fundi wetu alinambia, "Mama, gesi ya AC huisha kila mwaka, ni kama ile ya jikoni." Nikaamini, nani hangeamini, mpaka kijana wa dada yangu aliesomea mambo ya friji akanicheka. Gesi ya AC haichomwi. Inazunguka ndani ya bomba la shaba lililofungwa kila upande, chumbani inabeba joto, inapanda nalo kule juu kwenye kondensa, lile boksi la nje la darini, kompresa inaikamua, feni ya nje inalitupa lile joto hewani, halafu gesi inarudi chini kubeba jengine. Inazunguka hivo miaka na miaka na haipungui hata kidogo kama bomba ni zima. Ikipungua maana yake kuna tundu. Na mtu akikutilia gesi bila kutafuta tundu liko wapi na kuliziba, hio ni gesi aliyoikodisha kwenu kwa miezi mitatu. Wazee walisema pakacha kuvuja ni nafuu ya mchukuzi, na mimi naomba mjiulize kwenye hili pakacha letu mchukuzi ni nani, manake mie nabeba mzigo na sijaona nafuu.

Halafu gesi yenyewe. Kwenye vile vibandiko ambavyo chumvi haijavila kumeandikwa R-22. Hio ndo ile gesi inayotoboa tabaka la ozoni, dunia ilikubaliana kuiondoa kwenye mkataba wa Montreal wa 1987 na marekebisho yake ya baadae, na nchi kama yetu zilipewa muda mrefu zaidi: 2013 matumizi yakasimamishwa yasipande, 2020 yapungue asilimia 35, 2025 yapungue asilimia 67.5, na 2030 ndo mwisho, inabaki tone tu la kuhudumia mashine za zamani mpaka 2040. Sasa kitu kinachopunguzwa namna hio bei yake inaenda wapi? Haishuki. Na kitu kikiwa adimu na ghali huzuka cha bandia, hili kwenye biashara ya gesi linajulikana dunia nzima, mtungi umeandikwa R-22 lakini ndani ni mchanganyiko, mwengine una gesi inayoshika moto kabisa, inatiwa kwenye mashine ambayo haikutengenezwa kwa gesi ya moto. Mara ya mwisho fundi alikuja na mtungi usiokuwa hata na karatasi. Niliuliza. Niliambiwa, "Bi mkubwa, wewe kaa ndani, kuna jua."

Sikukaa ndani. Wiki ya juzi nilichukua funguo kwa keyateka nikapanda darini na daftari. Nawaambia kwa heshima, sidhani kama kwenye kamati yupo aliepanda kule karibuni, manake angepanda hio notisi asingeibandika.

Nimehesabu kondensa 62. Kati ya hizo 19 bati lake limetoboka unaona mpaka ndani. Zile mbavu nyembamba za aluminiamu zinazotakiwa kupitisha upepo, upande unaotazama bahari zimekuwa unga, ukizigusa zinamumunyuka kama biskuti iliochovywa kwenye chai. Ni chumvi. Upepo wa bahari umekuja nayo miaka yote, na hapa Malindi hata grili ya dirisha inaoza sembuse kitu chembamba kama karatasi. Lakini kuna jambo limeniuma zaidi. Nimemkuta kijana wa usafi anaziosha kwa mpira, nikafurahi, nikasema angalau. Kumuuliza maji anatoa wapi, kisimani. Maji ya kisima chetu nyote mnayajua, ukipika chai huhitaji kuonja ujue, sabuni haitoi povu, birika linaota gamba jeupe. Yaani tunaosha chumvi kwa chumvi, na tunamlipa mtu kwa kazi hio. Kumbe ni kumpa tu maji matamu ya kaunti, ndoo chache mara moja kwa mwezi, tofauti ingekuwa kubwa.

Jengine, nani alizipanga? Safu mbili zinatazamana, zimeachana kama futi mbili, hii inatupa joto lake mdomoni mwa ile na ile inarudisha. Kondensa inatakiwa ivute hewa ya kawaida, sasa hizi zinavuta hewa ya moto iliotemwa na jirani yake, kompresa inaumia, stima inapanda na chumbani hakuna baridi. Halafu ile sponji nyeusi inayovalishwa bomba la shaba imekatika kote, jua limekula nusu na kunguru wamedonoa nusu, si nawajua kunguru wa Malindi. Bomba liko uchi juani saa saba mchana, baridi inakufa njiani kabla haijafika kwa mwenye nyumba.

Sasa pesa, manake najua mtasema mpya ni ghali. Machi nilifanya jaribio langu. Usiku mmoja nilizima kila kitu, friji, taa, hata redio, nikaacha AC ya chumbani peke yake kwa digrii 24. Ni ya BTU 12,000, hicho ndo kipimo cha nguvu ya AC kupoza. Nikaandika namba ya mita saa nne usiku, nikaandika tena saa kumi na mbili asubuhi. Imekula yuniti 10.4, na sikuwahi kusikia kompresa ikipumzika hata mara moja. Wiki iliofuata nikaenda kwa kaka yangu Mombasa, yeye ana ya inveta ya BTU hizo hizo, nikamwomba tufanye hivo hivo, masaa yale yale na digrii zile zile. Yuniti 4.3. Najua chumba si kimoja, chake hakiko chini ya zege, sawa toeni kidogo hapo, lakini tofauti ya yuniti 6 kwa usiku huwezi kuimaliza kwa kulaumu zege. Nikiweka yuniti moja ni kama shilingi 30, hio ni 180 na kitu kila usiku. Kwa usiku 120 za joto ni kama 22,000. Kwa AC moja! Na koteshini tatu nilizoomba mwenyewe za inveta ya size hio, pamoja na bomba jipya na kufunga, wastani ni 75,000. Kwa hivo chini ya miaka 4 imejilipa, na sijahesabu hizo 6,000 zenu.

Inveta si uchawi, ni kwamba ile ya zamani inajua mambo mawili tu, kuwaka kwa nguvu zote ama kuzima, kama dereva wa matatu anaejua aksileta na breki peke yake. Ya inveta inapunguza mwendo, chumba kikishapoa inaenda taratibu inashikilia pale pale. Ubaya wake nitausema pia ili msije mkaniambia nimetumwa na wauzaji: ndani ina bodi ya elektroniki na hio bodi stima ikiruka inaungua, na bodi ni ghali. Na stima yetu hapa inavyopanda na kushuka mnaijua. Kwa hivo kila moja lazima iwe na AC gadi, kile kifaa cha kuikinga stima ikiruka, hii tusifanye ubahili.

Nimeskia, na mtanikosoa kama nimeskia vibaya, kwamba kuna mtu amewaletea ofa ya mzigo mzima, AC 62 kwa 42,000 moja. Naomba sana msisaini. Nimeiona karatasi, haina neno inveta, haijaandikwa gesi gani, na haijasema kama mbavu za kondensa zimepakwa dawa ya kuzuia kutu ya chumvi. AC za ukutani zinazouzwa Kenya zinatakiwa ziwe na leba ya EPRA, mamlaka ya kawi, ile yenye nyota, tangu kanuni za 2016. Muulizeni nyota ngapi. Akianza kupiga hadithi mshajua. Na muulizeni gesi, asije akatuondoa kwenye R-22 akatupeleka kwenye R-410A, hio haitoboi ozoni lakini inashika joto angani zaidi ya mara 2,000 ukilinganisha na kaboni dayoksaidi, na dunia ilishakubaliana Kigali 2016 kwamba aina hizo nazo zipunguzwe. Gesi ya R-32 ni kama mara 675 tu, hio ndo tuiulizie. Miaka kumi baadae sitaki mwanangu aandike barua kama hii. R-32 inaweza kushika moto kidogo kwa hivo fundi awe amesomea, sio yule wa sigara mdomoni.

Na msikubali mtu awaambie ataacha bomba za zamani ukutani ili kupunguza gharama. Hizi gesi mpya zinasukuma kwa nguvu zaidi sana kuliko R-22 na oili yake ni nyengine, ile oili ya zamani iliobaki ndani ya bomba inaharibu kompresa mpya. Kutia mashine mpya kwenye bomba la zamani ni kumvisha bwana harusi kanzu mpya juu ya shati la kuvulia samaki.

Kitu chengine watu wanakosea, mimi pia nilikosea, ni kudhani kubwa ndo nzuri. Jirani yangu sebule yake ndogo amefunga BTU 24,000 kwa siri (najua ni siri, samahani jirani). Inapoza dakika kumi inazima, chumba kiko baridi lakini kimelowa, mito inanuka ukungu, viatu vya ngozi vinaota manyoya. Joto la kwetu nusu yake ni unyevu. AC inahitaji muda wa kuzunguka ili ikamue maji kwenye hewa, na ikiwa kubwa mno haipati huo muda. Kwa hivo tupimiwe chumba kwa chumba, sio kukadiria mtu amesimama mlangoni anatafuna miraa.

Haya, boila.

Kwa wageni labda niseme, plot yetu ilianza kama hoteli kisha ikauzwa nyumba moja moja, ndo maana tuna boila moja ya dizeli kule nyuma inayopasha maji ya blok zote tatu, na bomba linazunguka jengo zima mchana na usiku ili mtu yeyote akifungua apate moto papo hapo. Wakati wa hoteli imejaa wageni ilikuwa na maana. Sasa wakati wa kusi tuko labda watu 50, wengi wazee na watoto, na ndio haswa wanaohitaji maji ya vuguvugu asubuhi. Nimechukua daftari la dizeli kwa keyateka, mwezi wa sita na wa saba, wastani ni lita 22 kwa siku. Nikakaa chini nikapiga hesabu. Watu 50, kila mtu lita 40 za kuoga, ni lita 2,000. Kuyatoa kwenye ubaridi wa tangi na kuyapandisha digrii 20 kunahitaji kama yuniti 46 za joto. Lita moja ya dizeli ina kama yuniti 10. Yaani lita 5, haya boila ni kuukuu, semeni 7. Sisi tunachoma 22. Hizo 15 zinaenda wapi?

Zinaenda ukutani. Lile bomba limefukiwa kwenye ukuta, linapita nyuma ya kitanda changu, usiku wa Machi nikiweka mkono pale ukuta una joto kama mgongo wa punda. Fikirieni. Boila inapasha ukuta wangu, AC inapoza ukuta wangu, na bili zote mbili nalipa mimi. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu saa nane usiku mpaka binti yangu akaja kuniuliza kuna nini.

Hio spea mlioagiza Mombasa itaifanya boila ichome vizuri zaidi, ndio, itapasha ukuta vizuri zaidi. Tatizo si boila, tatizo ni ule mzunguko wa bomba. Mimi naomba mzunguko ufe. Kila blok iwekewe matangi yake ya sola darini, bomba fupi linashuka moja kwa moja. Jua tunalo, kule Langobaya kuna mitambo ya sola ya megawati 40 inauza stima kwenye gridi kutoka kwenye jua hili hili la Malindi, sisi tunaagiza dizeli ya kuogea. Wakati wa masika mawingu yakikaa siku tatu tangi liwe na hita ndogo ya stima ya kusaidia, yenye taima, iwake alfajiri na magharibi basi. Lakini tafadhali, kwa maji yetu ya kisima msinunue zile ambazo maji ya kuoga yanapita moja kwa moja kwenye mirija ya juani, mwaka mmoja zitakuwa zimeziba gamba. Ziwe zile ambazo ndani ya tangi kuna koili na maji yake ya peke yake yanayozunguka, na kuna fimbo ya magneziamu inayoliwa na kutu badala ya tangi, ile fimbo ibadilishwe inapoisha. Hapo ndo sevisi chaji inatakiwa iende, kwenye fimbo.

Manake sasa watu wamechoka kungoja wamejifungia shawa za stima wenyewe. Nimehesabu nyumba 14. Shawa moja inavuta kilowati 5 na zaidi, waya wa bafuni ulikuwa wa taa tu, ikifika magharibi watu wakirudi kazini wanaoga pamoja breka kubwa la blok B linaanguka na nusu ya jengo liko gizani. Na wengi wamenunua za kawaida badala ya zile za maji ya chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri kuliko maji matamu. Mwezi wa sita nilishika bomba la bafuni kwangu, mimi ambae sina hata shawa ya stima, nikapigwa mpaka kiwiko. Imetoka nyumba ya chini kupitia bomba la chuma. Siku hio niliogopa kweli, sikumwambia mtu ila keyateka, akaniambia nivae ndara. Hili msilingoje mkutano. Leteni fundi wa stima aliesajiliwa wiki hii akague ethi ya jengo zima, ule waya wa kupeleka ardhini stima iliovuja.

Kuna jambo moja la bei rahisi kuliko yote na nashangaa halijawahi kutajwa hata kwenye mkutano mmoja. Nimezaliwa Shela, hapa hapa Malindi, nyumba ya bibi yangu kuta zake za mawe ya matumbawe ukinyoosha mkono dirishani haufiki nje, dari ya juu, kichochoro chembamba jua halifiki chini, na Februari tulilala bila hata panka. Waliojenga vile hawakuwa wajinga. Sisi tumejengewa zege tupu jeusi la lami linalotazama mbingu, linakunywa jua mchana kutwa na kuanzia saa mbili usiku linatutapikia. Pakeni zege chokaa ama ile rangi nyeupe ya kurudisha jua. Ama zaidi ya hapo jengeni banda la makuti juu ya zege lote, upepo upite katikati, na zile kondensa mpya zikae kivulini zikipumua. Naomba hili lifanyike kabla ya kununua AC hata moja, kwa sababu chumba kikipungua joto unaweza kununua ndogo. Na kila chumba kiwe na feni ya dari, inakula wati 70 hivi, ukiwa nayo AC unaiweka 26 badala ya 20 na unalala fofofo.

Sitaki mbadilishe zote 62 kwa pamoja. Hatuna hizo pesa na hata tungekuwa nazo nisingewashauri, manake fundi mbaya utamjua kwenye AC 20 za mwanzo. Zote ni kama 4,650,000. Tukigawa miaka mitatu ni 1,550,000 kwa mwaka, ambayo kwa nyumba 36 ni kama 3,600 kwa mwezi, na wenye nyumba kubwa wachangie zaidi kidogo kulingana na hisa yao kama sheria ya Sectional Properties ya 2020 inavyotaka, sio kugawa sawa sawa mwenye chumba kimoja na mwenye vitatu. Sheria hio hio inasema paa na kuta na mabomba ya pamoja ni yetu sote na kuyatunza ni kazi ya shirika letu sote wenye nyumba, na nyinyi mmeshikilia tu kwa niaba, kwa hivo msiseme kila mtu ajijue, wakati huo huo kanuni za plot zinamkataza mtu kutoboa ukuta ama kupandisha kondensa bila ruhusa yenu. Huwezi kumfunga mtu mikono kisha ukamwambia ale.

Mwaka wa kwanza waanze wa ghorofa ya juu. Najua mtasema kwa sababu mimi naishi juu. Ndio naishi juu, na ndo kuna joto zaidi, chukueni kipimajoto mje mpime.

Najua pia wapo watakaopinga. Wenzetu wanaokuja Desemba na kuondoka Machi wanasema hawakai, lakini wao ndo wanakaa miezi ile ile ya moto na AC zao haziguswi kuzimwa. Jirani yangu mzee wa Kitaliano, mtu mzuri sana, kila nikimwambia hili ananijibu "pole pole, mama", Kiswahili chake chote ni hicho. Na wanaopangisha kwa siku watasema mgeni hatizami stima. Lakini mgeni akilala joto usiku mmoja anaandika, na akishaandika wanasoma wote.

Kuna mambo mawili ya kihesabu nayasema kwa sababu nawajua binadamu. Zile AC kuukuu zikishushwa, gesi iliomo ivutwe kwa mashine itiwe kwenye mtungi, isifunguliwe hewani kama nilivomuona fundi akifanya mwaka juzi, ile sss ndefu nikadhani ni nyoka. Na ile shaba. Kondensa 62 na bomba zake zote zina shaba nyingi, shaba si taka, ipimwe kwenye mizani mbele ya watu wawili ambao si wanakamati, iuzwe kwa mnunuzi wa skrapu mwenye leseni na risiti iingie kwenye vitabu. Sijamshuku mtu. Nimefanya kazi dukani miaka mingi tu.

Spea ya boila kama haijapakiwa, pigeni simu ikae huko huko.

Na hio 6,000 ya mwaka huu sitailipa kwa gesi. Nitaileta kwa Mama Mweka Hazina siku hio hio mtakapofungua akaunti ya peke yake ya kubadilisha mitambo, yenye saini tatu, na nitaongeza 3,600 ya mwezi wa kwanza juu yake, na nishaongea na nyumba nyengine 9 kwenye blok B wamesema watafanya hivo hivo.

Funguo ya darini keyateka ameniachia mpaka Jumapili. Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza, nitakuwa pale juu na daftari langu na thermosi ya kahawa. Njooni wote, hata nusu saa. Vaeni viatu vya kufunga, kuna mabati na misumari kila mahali, na msishike chochote cha chuma mpaka fundi wa stima apite.

Ni mimi mwenzenu, blok B, ghorofa ya juu.